Sherehe iliyohamishiwa uwanjani

Wasikilizaji wetu, nyinyi mliohama mnajua: kuhamishwa kunaokoa maisha, na kunaumiza pia. Ndiyo maana habari ya Sydney, kule Australia, inanigusa.

Tarehe 24 Juni 1978, watu wa mapenzi ya jinsia moja waliteremka barabara ya Oxford Street wakidai haki. Usiku huo polisi ilikamata watu 53. Gazeti likatoa majina yao, wengine wakapoteza kazi. Ndiyo chanzo cha sherehe ya Mardi Gras, ambayo ilipita barabara hiyo miaka mingi.

Mwaka 2021, kwa sababu ya Korona, waandalizi waliipeleka ndani ya uwanja wa kriketi. Mimi nasema walifanya vizuri: ugonjwa haubagui, na mzee anapata kiti. Lakini uwanja una geti na tiketi. Barabarani, kijana anayeficha mambo yake nyumbani anaweza kupita kama mtu anayeenda dukani, akatazama. Getini hapiti hivyo. Siku ileile wengine waliandamana Oxford Street, nami siwalaumu.

Mwaka 2022 ikabaki uwanjani tena. Hapo ningewauliza waandalizi: mnarudi lini? Walirudi 2023.