Shikamoo si sawa na wizi: majibu kwa madai manne kuhusu adabu ya mtoto

Kila inapokaribia likizo ya Juni, Mtwara ikijiandaa kwa jando na unyago, mazungumzo ya adabu za watoto hupamba moto mabarazani, kuanzia Mikindani hadi Msimbati. Madai manne husikika sana, na yote yanachanganya makosa ya aina mbili. Kumpiga mwenzako au kumwibia kunamuumiza mtu. Kutoamkia au kutochomekea shati kunavunja utaratibu ambao jamii imejiwekea, na ambao jamii nyingine ingeweza kujiwekea vingine.

Dai la 1: "Mtoto mdogo hajui jema wala baya, anajua fimbo tu."

Dai hili limewahi kuwa na watetezi wakubwa. Mwanasaikolojia Jean Piaget, katika kitabu chake cha 1932, alimwona mtoto mdogo kama mtu anayepokea kila kanuni kuwa amri ya wakubwa. Mwanasaikolojia mwingine, Mmarekani Elliot Turiel, alibadilisha swali: je, mwalimu akiruhusu, jambo hilo litabaki kuwa kosa? Mwaka 1981 Judith Smetana aliwahoji watoto wa chekechea kwa njia hiyo. Kumpiga mwenzao walikuona kosa hata pasipo katazo lolote, lakini taratibu za darasani waliziona kosa pale tu zilipokuwa zimewekwa. Jaribu na mtoto wa miaka mitano wa Chikongola. Mwambie mwalimu mkuu kafuta sare, atashangilia. Mwambie karuhusu watoto kung'atana, atakuuliza mwalimu gani huyo.

Dai la 2: "Kanuni ni kanuni, zote zitiliwe ukali uleule."

Mwaka 1978 Larry Nucci na Turiel walitazama watoto wakicheza. Mmoja akiumizwa, watoto wenyewe walilalamika, wakaeleza maumivu, wakadai haki. Utaratibu ukivunjwa, waliojali walikuwa karibu watu wazima peke yao. Maana yake, ubaya wa kuumiza mtoto anaufundishwa na kilio cha mwenzake, ilhali utaratibu anaupata kwa anayeusimamia. Ukimchapa aliyesahau kuchomekea sawasawa na aliyemwibia mwenzake daftari, utakuwa umemfundisha kwamba uzito wa kosa unapimwa kwa hasira ya mkubwa. Hata Kanuni za Adhabu ya Viboko shuleni za 2002, hapa Tanzania, zinatofautisha: viboko ni kwa makosa mazito, visizidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Dai la 3: "Hayo ni ya Wazungu. Kwetu mila na maadili ni kitu kimoja."

Hili ndilo dai lenye nguvu kuliko mengine, na halikuanzia Mtwara. Mwaka 1987 Richard Shweder na wenzake walieleza kuwa huko Bhubaneswar, India, mtoto wa kwanza wa kiume kunyoa nywele na kula kuku siku ya pili ya kifo cha baba yake lilihesabiwa kosa zito mno. Turiel alijibu kwamba wale watu waliamini roho ya marehemu inadhurika, kwa hiyo nao walikuwa wakihukumu madhara. Sisi tunalijua hilo. Mtoto aliyeambiwa kwamba mluzi wa usiku unaita nyoka atamkemea mdogo wake kwa hofu ya kweli. Mtoe imani ya nyoka, na mluzi unabaki kelele tu.

Wala si Wazungu peke yao waliochunguzwa. Utafiti wa 1986 wa Marida Hollos, Philip Leis na Turiel uliwakuta watoto wa Waijo nchini Nigeria wakitofautisha vilevile.

Lakini ushahidi mzuri zaidi uko majumbani mwetu, nao ni utani. Bibi humwita mjukuu "mume wangu", mjukuu akamjibu kwamba hataki mke kibogoyo, na wote wakacheka. Neno hilohilo kwa mjomba, mwenye sauti kubwa katika koo za Wamakonde, Wamakua na Wayao zinazofuata upande wa mama, ni aibu ya ukoo mzima. Mtoto anamudu tofauti hiyo mapema. Na hakuna mjukuu anayedhani utani unamruhusu kumchoma bibi kwa kijinga cha moto.

Dai la 4: "Adabu huanzia jandoni na unyagoni."

Mwali na kijana wa likumbi, kambi ya jando, hufundishwa nafasi yao mpya: nani aheshimiwe vipi, lipi lisemwe mbele ya nani. Ni elimu yenye thamani. Ila anayeingia huko alishajua siku nyingi kwamba kuiba ni kubaya. Alijifunza mchangani, siku aliponyang'anywa cha kwake.

Anayetetea madai haya huogopa kwamba mtoto akijua tofauti atadharau mila. Ni kweli, Turiel mwenyewe alionyesha kwamba kadiri mtoto anavyokua, heshima yake kwa desturi hupanda na kushuka kabla hajaelewa kazi ya desturi hizo katika jamii. Hatari iliyo kubwa zaidi iko upande wa pili. Siku mkubwa atakapomtuma akaokote korosho shambani kwa jirani, au akafiche baruti ya kuvulia samaki, mtoto aliyefundishwa kwamba jema ni lile asemalo mkubwa hatakuwa na pa kusimamia. Kwa hiyo kila kosa lipewe sababu yake: "Amkia, ndivyo tunavyoheshimiana hapa." "Rudisha korosho, mwenzio amezitolea jasho." Sababu ya pili ndiyo itakayompa ujasiri wa kumkatalia mkubwa huyo, huku bado akimwambia shikamoo.