Si Chuma Chakavu

Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, simanzi ilitanda Unguja na nje ya Unguja. Simanzi ile ilikuwa haki. Lakini wapenzi hao hao wa turathi za pwani, wawezao kukesha wakizungumzia nakshi ya mlango mmoja, hawana hata neno la tanzia kwa kiwanda kilichofungwa au stesheni iliyopitwa na reli mpya. Kwao jiwe la matumbawe ni historia, na bati na mashine ni chuma chakavu. Ladha hii ina dhuluma ndani yake, kwa kuwa huamua nani akumbukwe na nani asahauliwe: hukumbukwa aliyemiliki jumba, husahauliwa aliyefanya kazi.

Na watazame Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zilizo mgongoni mwa Dar es Salaam. Asiyezijua huzidhania kuwa ni mikorosho na vituo vya mabasi tu. Kumbe Kisarawe ina udugu wa damu na Unguja: chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, kilichowasomesha vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, kilihamishiwa Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Jirani yake, katika vilima vya Pugu, misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1888 ilivamiwa na kuteketezwa Januari 1889, katika vita vya Abushiri. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipanda vilima hivyo hivyo, ikapita Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Baada ya Uhuru, nchi za Skandinavia ziliweka mkataba mwaka 1963 wa kujenga Kibaha kituo cha elimu, afya na kilimo, ambacho Watanzania walikabidhiwa mwaka 1970 na ambacho ndicho Shirika la Elimu Kibaha.

Kisha vikaja viwanda. Katika viwanda 12 vikubwa vya kubangua korosho vilivyojengwa nchini, kimoja kilikuwa Kibaha. Balaa ni kwamba viwanda viliongezeka wakati korosho zinapungua: zao lililofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74 lilishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Mashine zikakosa cha kubangua, zikanyamaza. Hapo Kibaha palikuwa pia na TAMCO, kiwanda kilichounganisha malori ya Scania, nacho kikafifia pamoja na mashirika mengi ya umma. Leo magari yanaunganishwa tena Kibaha, na jina la TAMCO limebaki kuwa jina la eneo la viwanda. Kijana aliyeajiriwa hapo anaweza kudhani kazi hiyo ameianza yeye. Anayajua matamshi ya herufi tano, wala hajui kwamba huenda babu yake alifunga nati pale pale.

Hasara hii haionekani kwa sababu haina siku ya msiba. Jumba likianguka hutoa kishindo, ilhali kiwanda hufa kwa awamu: huondoka mashine, huondoka mabati, huondoka wazee waliojua kila chumba kilikuwa cha nini. Mwisho huja mnunuzi, naye hakosei anapoona kiwanja kitupu, maana hakuna aliyemwambia vingine.

Sheria nayo imeshiriki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Bara, inalinda jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, na inalinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940. Jengo la baada ya hapo halina kinga mpaka litangazwe na waziri. Ilipotungwa, 1863 ulikuwa mwaka wa karne moja nyuma. Miaka imekwenda, tarehe imesimama. Kwa hesabu hiyo stesheni ya Wajerumani bado ni mtoto mchanga, na kiwanda cha Azimio la Arusha hakijazaliwa. Mlango unahifadhiwa, aliyeupita kwenda kazini hana hifadhi.

Watetezi wa nyundo husema maendeleo hayangoji. Mwaka 2017 nyumba, maduka na nyumba za ibada zilivunjwa kutoka Kimara hadi Kiluvya, kwenye mpaka wa Kisarawe, kwa kuwa zilikuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya barabara. Ikajengwa njia nane ya kilomita 19.2 hadi Kibaha. Reli mpya ilianza kuchukua abiria wa Morogoro Juni 2024, na bandari kavu ya Kwala, Kibaha, ikazinduliwa Julai 2025. Hakuna mwenye akili anayetaka malori yarudi kwenye foleni ili ukuta mkongwe ubaki. Lakini hoja hiyo inajibu swali ambalo halikuulizwa. Barabara inaweza kudai nafasi ya ukuta. Haidai kwamba ukuta usipigwe picha, usichorwe ramani, wala wazee wake wasisikilizwe kabla ya tingatinga kuwasha moto. Kumbukumbu haina upana wa mita 121.5.

Basi linalodaiwa ni dogo na linawezekana. Sheria iache mwaka uliogandishwa, ishike umri: jengo likitimiza miaka 60 lichunguzwe kwanza ndipo livunjwe. Kila kiwanda kinachouzwa kiache walau mashine moja, daftari moja la mishahara na sauti za waliokihudumia.

Na wapenzi wa tungo wasijitoe katika lawama hii. Kisiwani kwenyewe, treni ya Bububu iliyoanza mwaka 1905 iliacha kuchukua abiria miaka ya 1920, na mabaki yake makubwa ni picha na masimulizi. Hemedi Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, ndiyo maana vita hivyo vina sauti ya Kiswahili hadi leo, wala havikuachiwa kalamu za Wajerumani peke yao. King'ora cha zamu ya asubuhi Kibaha kinamngoja mtunzi wake. Waliokisikia wangali hai, lakini ni wazee, na kila mwaka wanapungua.