TUMEKUJA KUCHEZA AU KUCHEZEWA?

Ndugu wananchi, na hasa ninyi ndugu zangu wana-Chama wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba, Lupiro, Malinyi na Mahenge, leo sina maneno matamu ya kuwapa. Nina swali. Swali lenyewe si langu. Nilipewa na bibi mmoja mcheza ngoma, nami nimelibeba kifuani kama kaa la moto tangu siku ile. Sasa nalitua mbele yenu, tuungue wote.

Ilikuwa sikukuu ya taifa, katika kijiji kimoja cha bonde letu. Sitakitaja, maana kosa hili si la kijiji kimoja. Kikundi cha ngoma cha akina mama kiliambiwa kifike uwanjani saa moja asubuhi. Walifika kabla ya saa hiyo, wametembea kwa miguu, ngoma kichwani na njuga mkononi. Mgeni rasmi alifika saa saba. Muda wote huo viti vitupu vilikaa kivulini chini ya turubai vikiwangoja wakubwa, na akina mama walikaa juani. Kisha zikaja hotuba, moja baada ya nyingine. Ilipogonga saa tisa ndipo mshereheshaji alipokumbuka kuwa kuna ngoma. Akawaita, akawaambia: dakika tatu tu, akina mama, muda umetubana. Wakaingia. Wimbo haujafika katikati, vipaza sauti vikafunguliwa kwa muziki wa mjini, mgeni rasmi akainuka, picha zikapigwa, magari yakaondoka. Wachezaji wakapewa soda moja moja.

Tena si hayo tu. Pembeni ya uwanja palikuwa na mama mmoja msuka mikeka, ameleta kazi yake auze. Mkeka wake mzuri kuliko yote ulichukuliwa mbio mbio ili mgeni rasmi apewe zawadi. Hakuna aliyeuliza bei. Jioni yule mama alirudi nyumbani na sifa, bila shilingi.

Nawaambia haya bila kujificha, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliopanga ratiba ile. Niliwafuata wale akina mama nikawaomba radhi. Kiongozi wao, bibi wa miaka mingi, alinitazama kisha akaniuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, sisi tumekuja kucheza au kuchezewa?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, desturi hii tumeirithi kwa nani? Haikutoka kwa babu zetu. Kwao ngoma ilikuwa na siku yake, uwanja wake na wenyewe. Ngoma ya mavuno ilichezwa kwa sababu mpunga umeingia ghalani, na ngoma ya mwali ilichezwa kwa sababu mtoto amekua. Aliyeigeuza ngoma kuwa pambo la mkubwa ni mkoloni. Gavana alipokuja kuzuru, wenyeji waliitwa wacheze apate kutazama. Alipoondoka, ngoma ile ile ilitakiwa kuombewa ruhusa, na wengi wa mabwana wale waliita ushenzi kile walichokuwa wakikipigia makofi jana yake. Mkoloni amekwenda zake. Je, kiti chake cha kutazamia ngoma tulikichoma, au tulikipaka rangi tu tukakikalia sisi?

Tukumbuke Chama hiki kilikuaje. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata, Bibi Titi Mohamed alipotwishwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakuanza na vitabu wala barua za ofisini. Alikwenda kwa vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, wacheza lelemama, naye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi. Vikundi vile vilikuwa na viongozi, vilikuwa na michango, vilikuwa na nidhamu, na neno likisemwa kwa mmoja lilifika kwa wote. Kwa miezi michache tu maelfu ya wanawake walichukua kadi. Basi nani atasema ngoma ni pambo? Ngoma ilikibeba Chama mgongoni kilipokuwa kitoto kichanga. Mtoto aliyebebwa hamsahau mama yake kwa kuwa sasa ana gari.

Na tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza waziwazi kwamba katika maovu yote ya ukoloni, hakuna baya kuliko lile la kutufanya tuamini kuwa hatuna utamaduni wetu. Kazi hiyo aliiweka mbele kabisa katika siku zile za kwanza za Jamhuri. Sisi leo tunaiweka mwisho wa ratiba, saa tisa, kama muda ukibaki.

Sasa tutazame mali tuliyo nayo. Bonde hili si la kabila moja. Wandamba ni watu wa mto, mafundi wa mitumbwi na migono ya samaki. Wapogoro wana Sangula yao. Wapo Wambunga, wapo Wabena, wapo Wahehe na Wangoni. Mashamba ya miwa ya Kilombero yalileta watu wa kila mkoa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka wa 1970 na 1975, ikaleta wengine. Kisha wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, na ngoma yao ya Bugobogobo inayochezwa kwa jembe. Ni mahali gani pengine utapata ngoma nyingi hivi kwa mwendo wa siku moja?

Mabwana wa Ulaya walijua thamani yake. Mwaka wa 1926 Mwingereza aitwaye Hodgson alichapisha London habari za mila za uwindaji za Wandamba. Mwaka wa 1935 Culwick na mkewe walitoa kitabu kizima juu ya Wabena wa bonde hili, kiitwacho "Ubena of the Rivers". Lakini angalieni jambo moja: katika kitabu kile sura moja iliandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Wakati wa ukoloni, mwana wa bonde alipewa sura nzima aseme habari zake. Sisi tulio huru tunawapa wazee wetu dakika tatu!

Tena sanaa si ngoma pekee. Nani kati yenu amewahi kuhesabu kazi ya mkeka? Mama huenda kukata ukindu, huuchana, huuanika, huutia rangi, husuka ukili kidogo kidogo usiku baada ya kazi za shamba, ndipo hushona. Ni kazi ya siku nyingi. Pale Ifakara wapo akina mama wanaofuma vitambaa vya pamba kwa kitanda cha mfumi, uzi kwa uzi. Wapo wafinyanzi, wapo wachonga mitumbwi. Watu hawa ni wazalishaji kamili kama mkulima wa mpunga. Lakini mlanguzi huwanunulia kwa bei ya kutupa, nasi viongozi huchukua bure na kuita zawadi. Tofauti iko wapi? Mlanguzi angalau hutoa kitu.

Najua yatakayosemwa, basi niyajibu mapema.

Wapo watakaosema ngoma ni dhambi. Nawaambia nendeni kanisani Jumapili. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka wa 1962 hadi 1965, ngoma na kayamba zimeingia katika misa, na Mungu hakukasirika. Nendeni pia kwenye maulidi mkasikie dufu. Kama lipo lisilofaa katika mila fulani, wazee na tuliache kwa kushauriana. Lakini hatuchomi ghala kwa sababu ya panya mmoja.

Wapo watakaosema vijana hawataki mambo ya kale, wanataka singeli. Ndugu, singeli ilitoka wapi? Ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, na mzazi wake ni mchiriku, ambao mizizi yake imo katika ngoma za Wazaramo. Vijana wale walichukua ngoma ya nyumbani kwao wakaitengeneza upya, leo nchi nzima inacheza. Kijana wa Kilombero atatengeneza nini upya, kama ngoma yake hakuiona ila dakika tatu kwa mwaka? Mimi nimesoma chuo cha ualimu. Katika somo la sanaa tulichora ngoma daftarini, tukaandika majina ya sehemu zake, tukafaulu mtihani. Hakuna hata siku moja niliyopewa ngoma nipige. Nilitoka mwalimu wa sanaa nisiyejua kuwamba ngozi. Kosa hilo si la vijana.

Wapo watakaosema huu ni ukabila. La hasha! Ukabila ni kusema ngoma yangu ichezwe na yako ikae kimya. Umoja ni kuzicheza zote katika uwanja mmoja. Katika bonde letu mkulima na mfugaji wamezoea kukutana mbele ya baraza, huyu akidai mpunga umeliwa na yule akidai ng'ombe wamekamatwa. Damu imekwisha kumwagika kwa ugomvi huo. Sisemi ngoma itapima mipaka ya mashamba. Hiyo ni kazi ya serikali na lazima ifanywe kwa haki. Nasema mtu uliyepokezana naye jembe la Bugobogobo, akaitikia Sangula yako, si rahisi kesho kumwita mvamizi.

Na wapo watakaosema hakuna fedha. Hawa ndio wa kuchekesha. Fedha ya kukodi turubai ipo, ya vipaza sauti ipo, ya fulana ipo, ya chakula cha wageni ipo. Ya mcheza ngoma ndiyo haipo!

Zamani tulikuwa na udhuru wa mto. Kuvuka Kilombero kwa kivuko kulikuwa kazi, na mwaka wa 2016 kivuko kilipinduka. Lakini tangu mwaka wa 2018 daraja lipo. Kikundi cha Mahenge au Lupiro chaweza kuja Ifakara na kurudi. Daraja hilo lisivushe mpunga na mbao tu.

Basi yatupasa tufanye nini? Natoa mambo matano.

Kwanza, kikundi chochote kinachoitwa katika sherehe ya Chama au ya serikali kilipwe, na malipo yapatanwe kabla ya siku yenyewe. Usafiri, chakula na kivuli ni haki yao. Soda si mshahara.

Pili, kazi ya mikono isichukuliwe bure. Mgeni rasmi akitakiwa kupewa mkeka, ununuliwe. Na wauzaji wawekwe penye mlango wa uwanja, mahali watu wanapopita, siyo nyuma ya vyoo.

Tatu, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wasuka mikeka au wapiga ngoma ni kikundi cha kazi kama cha wafuga kuku. Makatibu wa matawi wawasaidie kujiandikisha na kuandika maombi, kisha wafuatilie.

Nne, walimu wawaalike wazee shuleni. Mzee anayejua kuwamba ngoma aketi na watoto chini ya mwembe, nao waiwambe. Nyimbo zirekodiwe na maana zake ziandikwe, wazee wangali hai. Kila mzee anayezikwa na nyimbo zake ametuachia deni tusiloweza kulilipa.

Tano, bonde liwe na siku yake. Mpunga ukishavunwa, watu wakiwa na nafasi, tukutane Ifakara kwa ngoma, michezo ya kuigiza na soko la kazi za mikono. Bagamoyo wana tamasha lao la sanaa tangu miaka ya 1980. Uganda nguo ya gome la mti imeingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu mwaka wa 2008, na ngoma ya kifalme ya Burundi tangu mwaka wa 2014. Wale hawakungoja mgeni awaambie kuwa wana kitu. Watalii wanaokuja Hifadhi ya Milima ya Udzungwa wapo hapo hapo Mang'ula. Na siku hiyo viti vya mbele vikaliwe na wazee wa ngoma. Sisi viongozi tusimame, tupige makofi, na hotuba yetu iwe ya dakika tatu.

Ndugu wana-Chama, yatakuja tena masanduku ya kura, nasi tutawaendea tena akina mama wale tuwaombe watupigie ngoma mkutanoni. Hawatakataa, maana ni watu wa adabu. Lakini mwenye adabu pia hukumbuka. Tusingoje siku watakapokaa kimya uwanjani, ngoma zimefunikwa, nasi tukibaki na vipaza sauti vyetu tukijisikiliza wenyewe.

Yule bibi bado anangoja jibu lake. Mimi sitaki kumpelekea maneno. Nataka sikukuu ijayo nimfuate nyumbani kwake kwa gari, nimkalishe kivulini, nimlipe haki yake mbele ya watu, kisha nimwambie: Bibi, uwanja ni wako, cheza mpaka utosheke.

Uhuru na Kazi!

Mwana wa Bonde,
Ifakara