Msiisingizie Pampu

Nimechoka kusikia pampu ikisingiziwa. Watu wanaozunguka Marekani kwa gari-nyumba, yaani nyumba yenye magurudumu, kitanda, jiko na bafu, wana ugonjwa mmoja. Maji yakianza kutoka kwa unyonge bafuni, husema pampu imekufa. Kesho yake wanakwenda dukani.

Hebu tufikiri. Gari likifika kambini huunganishwa kwa mpira na bomba la pale pale. Maji husukumwa na presha ya kambi. Pampu ya gari imepumzika. Maji yakiwa dhaifu hapo, kosa la pampu liko wapi? Na ikiwa koki moja tu ndiyo dhaifu, nyingine zinabubujika, mara nyingi kichujio kidogo cha mdomoni mwake kimezibwa na chokaa au mchanga. Kifunguliwe, kiloweshwe katika siki, kisuguliwe. Basi.

Hata porini, mtu anapotumia tangi lake, pampu isihukumiwe haraka. Ile ya volti 12 haitasukuma vizuri kwa betri iliyochoka, wala kupitia chujio lililojaa taka.

Wapo wabaya zaidi: hung'oa kidhibiti presha, eti kinawabania maji. Ni kweli, vile vya bei rahisi vina tundu jembamba. Lakini dawa yake ni kutafuta chenye tundu pana, si kubaki bila kinga. Magari hayo kwa kawaida hutumia presha ya paundi 40 hadi 60 kwa inchi ya mraba. Kambi nyingine hutoa zaidi ya 80. Kiungo kikiachia chini ya sakafu, mbao hunyonya maji kimya kimya, na mwenyewe huja kugundua zimekwisha oza. Nyumba nzima kwa ajili ya kuoga dakika tano!

Kipimo nacho huwadanganya. Koki zote zikifungwa, mshale husimama juu, nao huridhika. Maji yaliyotulia hayasuguani na bomba. Fungua koki, ndipo utazame: mshale ukianguka sana, kuna mahali pamebana.

Yafuateni maji tangu yanakotoka: mpira uliojikunja, kidhibiti, chujio, hatimaye koki. Anayenunua kabla ya kutazama hakutengeneza kitu. Amemlipa muuzaji kwa uvivu wake mwenyewe, na tatizo bado liko nyumbani likimngoja.