Daycare za Kitale na Bungoma: Watoi Wamejaa, Doo Haijai

Tembea Matisi, Tuwan ama Shimo la Tewa pale Kitale saa 12 na nusu asubuhi. Utaona mathe amebeba mtoi mgongoni, mkononi ako na mfuko wa nepi na chupa ya uji, na anatembea ni kama amechelewa gari. Haendi kliniki. Anawahi nafasi. Daycare nyingi za mtaa ni nyumba ya mtu, na nyumba ina mwisho. Ukifika wa mwisho unaambiwa, "Leo tumejaa, mayi, jaribu kwa ule jirani." Jirani naye akisema hivyo hivyo, siku yako ya kazi imeishia hapo.

Bungoma ni hivyo pia, kuanzia Mandizini hadi Kanduyi. Chumba moja ama mbili, mkeka, ndoo ya maji, mathe mmoja na watoi kumi na ushee. Hakuna tangazo redioni, hakuna ukurasa wa Instagram. Kuna karatasi imebandikwa kwa geti, na sifa zinazopitishwa kwa mdomo: huyu ni msafi, yule hukasirika haraka.

Sasa watu wakiona vile hizi sehemu zimejaa wanasema ni juu wamama wa siku hizi wanapenda kazi kuliko watoto. Hiyo ni porojo. Wamama wa huku wamefanya kazi tangu zamani, shambani na sokoni. Chenye kimebadilika ni wale watu waliokuwa wanashika mtoi bila kulipwa. Wameisha mmoja mmoja, na hakuna mtu aliketi chini akauliza nani atachukua nafasi yao.

Wa kwanza kuondoka alikuwa dada mkubwa. Kabla ya 2003, msichana wa miaka kumi kubaki nyumbani akichunga mdogo wake ilikuwa kawaida. Serikali ya Kibaki ikaleta elimu ya msingi ya bure, na baadaye ikaja ile sera ya kila mtoto aingie sekondari. Poa sana, hakuna mtu anataka turudi nyuma. Lakini huyo dada alikuwa ndiye daycare ya nyumba, na alipovaa yunifomu mtoi alibaki.

Wa pili ni msichana wa kazi. Zamani ulipiga simu ingo, wakakutumia binamu, unamlipa thao mbili na nguo za Krisi. Leo huyo binamu ana simu na ana marafiki walioko Saudia, Katari na Dubai, maelfu kwa maelfu ya wasichana wa Kenya wanaofanya kazi hiyo hiyo ya nyumba kule. Akibaki hapa, sheria iko upande wake: kiwango cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa nyumbani kwenye miji iliyokuwa manispaa kama Kitale ni zaidi ya 14,000 kwa mwezi tangu nyongeza ya 2024. Niambie ni nani kati ya majirani zako analipa hiyo. Wengi hawawezi, juu wao wenyewe hawaifikishi.

Wa tatu ni kukhu, na hapa ndipo hii miji miwili inaachana kidogo. Kitale ni mji wa watu waliotoka kwingine. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa ya masetla, na baada ya uhuru zikaja skimu za makazi, watu wakaja kutoka Bungoma, Kakamega, Vihiga, Pokot na Turkana. Kwa hivyo mathe anayepanga nyumba Kipsongo ama Tuwan, mara nyingi mamake ako mbali na nauli ni doo. Lazima alipie mtu. Bungoma nayo, kijiji kiko hapo tu nyuma ya mji. Mtoi anaweza kupelekwa kwa kukhu Jumapili jioni akachukuliwa Ijumaa. Ndio maana ukiangalia Bungoma haraka haraka utadhani hakuna shida ya daycare. Iko, ila imefichwa kwa shosho.

Na huyo shosho si yule wa vitabu vya shule, ameketi chini ya mwembe akingoja wajukuu. Mtu anaweza kuwa kukhu akiwa na miaka 42. Ako na meza ya omena Chepkube, ako na chama Jumatano, na pengine tayari analea wajukuu wawili ambao mama yao ako Riyadh. Ukimletea wa tatu anapokea juu ni damu yake, lakini anabeba mtoi sokoni na ndoo ya ndizi kichwani. Hiyo pia ni gharama, ni vile tu haiandikwi popote.

Mambo mengi ya hii biashara yanaeleweka ukikaa na kalamu. Hesabu yenyewe si ngumu, hata mimi niliyetoroka kampasi kabla ya kumaliza naiweza. Tuchukue mfano. Daycare ya mtaa inachaji soo moja kwa siku, na iko na watoi 12. Wakilipa wote ni 1,200. Lakini hawalipi wote. Mvua ikinyesha hakuna kibarua cha kupalilia, na mama wa kibarua halipi, anasema "kesho". Tuseme kwa kawaida wanalipa 9. Hiyo ni 900 kwa siku, na kwa siku 24 za mwezi ni 21,600. Toa rent ya 5,000. Toa uji na lunch, tuseme 30 kwa kila mtoi, 8,640, juu hata ambaye hajalipiwa lazima ale. Toa maji, sabuni na makaa, 2,500. Mathe anabaki na 5,460.

Huyo mathe anafungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, mzazi wa mwisho akifika. Masaa 288 kwa mwezi. Gawanya. Ni bob 19 kwa saa, kabla laisensi ya kaunti na kabla mtu wa public health abishe mlango.

Atafanya nini? Hawezi kupandisha bei, juu kastoma wake akipata 400 ya kibarua, soo moja ni robo ya siku yake. Akiwa na watoi wawili ni nusu. Hawezi kuajiri msaidizi, juu msaidizi akilipwa kisheria atakula biashara yote na deni juu. Kitu kimoja tu kimebaki mikononi mwake: kuongeza watoi. Kumi na mbili wanakuwa kumi na nane, kumi na nane wanakuwa ishirini na tano, kwa mkeka ule ule na mikono miwili ile ile. Zile stori kila mzazi amewahi kuskia, za mtoi kupewa dawa ya homa ndio alale mchana wote, zinazaliwa kwa hiyo hesabu. Sitetei mtu anayefanya hivyo, anafaa kukamatwa. Nasema tu ukimkamata na kuacha hesabu vile ilivyo, atakayefungua kesho yake atakutana na shida ile ile.

Kitale ina ugumu mwingine wa msimu. Mahindi yanapandwa Machi na Aprili, yanavunwa kuanzia Oktoba hadi karibu Krismasi. Kwa hiyo miezi kila mama ako shambani na kila daycare imefurika. Katikati, kazi inapungua na watoi wanarudi nyumbani, lakini landilodi haendi na msimu. Benki nayo haikopeshi mtu ambaye hawezi kusema atakuwa na kastoma wangapi mwezi ujao.

Kuna daycare za wenye mishahara pia, zile za Milimani na karibu na mashule ya kibinafsi, ukuta umechorwa twiga na fees inalipwa kwa muhula. Hizo ziko sawa na zitaendelea kufunguliwa, juu pale kuna mwalimu na mfanyakazi wa benki wa kulipa. Hapo soko linajiendesha. Kwa wanaobaki, watoi ni wengi na doo haipo, na mwekezaji huangalia doo.

Basi nani anafaa kuingilia? Hapa hakuna haja ya kubishana sana, Katiba ya 2010 ilishasema. Jedwali la Nne linaweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti, kwa mstari mmoja. Kaunti zikashika nusu ya kwanza ya huo mstari. Magavana wamejenga madarasa ya ECDE, wameajiri walimu, wamekata utepe, picha zikapigwa. Lakini PP1 inaanza miaka 4. Ukiwa umeajiriwa, sheria ya kazi inakupa likizo ya uzazi ya miezi 3. Kati ya hapo na PP1 kuna miaka 3 na miezi 9 ambayo ni kama serikali ilifikiria mtoi atakuwa anajilea.

Sheria ya Afya ya 2017 ilisema mwajiri aweke chumba cha kunyonyesha kazini. Sawa. Mama mboga wa soko la Kitale mwajiri wake ni nani? Mtu pekee anayekuja kwa meza yake kila siku kama bosi ni kanjo, na kanjo anakuja kuchukua ushuru. Hapo ndipo mimi hukasirika kidogo. Huyu mama analipa kaunti kila asubuhi, kabla hajauza hata fungu moja la sukuma, na kaunti hiyo hiyo ndiyo Katiba ilipa kazi ya vituo vya watoto. Accra, Ghana, ndani ya soko la Makola, kuna daycare ya watoto wa wachuuzi. Ni soko kama letu, lenye kelele kama yetu.

Wengine watasema kama huna doo ya kulea usizae. Poa, mwambie hivyo mtoi ambaye tayari ako miezi minane. Na kabla ya kuwalaumu wamama, angalia ripoti ya KNBS kuhusu matumizi ya muda, utafiti wa 2021: mwanamke Kenya anatumia karibu masaa manne na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na kulea bila malipo, mwanaume hafikishi saa moja. Mabuda, tuko kwa hii stori pia.

Na si ati ni kutupa pesa. Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa wamama vocha za kulipia daycare, wakawalinganisha na wale ambao hawakupewa. Waliopewa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa na kazi, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia. Kwa wamama wasio na mume matokeo yalikuwa tofauti na yanavutia: walihamia kazi zenye masaa ya kueleweka, bila kupoteza mapato. Hata matajiri wamekubali soko peke yake halitoshi. Quebec, Kanada, ilipoanza daycare ya dola 5 kwa siku mwaka wa 1997, serikali ndiyo ililipa kilichobaki.

Kitu naogopa ni kaunti kuanza na fimbo. Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya watoto 2017, na ni vizuri kuwa na sheria. Lakini ukikuja Mandizini na kufuli na kufunga kila nyumba isiyo na laisensi, watoi hawatahamia Milimani. Watafungiwa ndani ya keja, mkubwa wa miaka mitano akiachiwa mdogo na sufuria ya ugali. Andikisha kwanza, tena bure. Jua ziko wapi na ni ngapi. Fundisha. Kuna mashirika kama Kidogo ambayo yamekuwa yakifanya kazi na wenye daycare za mtaa, kuanzia Nairobi, kuwafunza na kuwasaidia kuboresha badala ya kuwafukuza. Kisha lipia kitu, hata kama ni uji na rent ya chumba. Kwa ule mfano wetu, kaunti ikibeba hizo mbili peke yake, mathe anatoka 5,460 hadi 19,100, na hapo anaweza kuongeza mikono mingine miwili bila kuongeza mtoi hata mmoja.

Kama unatafuta nafasi sasa hivi, usingoje kaunti. Hesabu watoi, kisha hesabu watu wazima. Fika saa 8 mchana bila kupiga simu, hiyo ndiyo saa ya ukweli. Ukikuta watoto wote wamelala fofofo kila siku ukienda, uliza. Angalia jiko liko wapi na geti linafungwaje, hasa Kanduyi ambapo malori ya Malaba hayasimami. Uliza ni nani anaruhusiwa kumchukua mtoi jioni, na kama jibu ni "yeyote anayemjua", beba mtoi wako mwende.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi waulizwe. Mikutano huwa kwa ukumbi wa wadi, watu wachache, soda na hotuba ndefu. Enda, na ukipewa maiki uliza pesa ya watoto wa chini ya miaka 4 ni ngapi. Watakuambia iko ndani ya ECDE. Waambie wakuonyeshe ni ukurasa gani.