Mshono wa Mwisho Usifanywe kwa Haraka



Katika kuchomelea bomba kwa vijiti, mshono wa kwanza huziba mwanya, mishono ya kati hujaza, na wa mwisho hufunika. Huu wa mwisho ndio anaouona kila mtu: msimamizi, mkaguzi, hata mpita njia. Lakini ndio unaopewa muda mdogo kuliko yote. Hufanywa zamu inapokwisha, mkono umechoka, vijiti vimebaki vichache, na mnyapara anaita. Maoni yangu ni haya: tukitaka mshono wa mwisho uwe mzuri, fundi ajifunze kazi yake barabara, na mwajiri naye atimize wajibu wake. Upande mmoja peke yake hautoshi.

Mimi ni mtu wa Lurujo, upande wa Arua na Koboko. Watu wa West Nile tumezoea kuondoka nyumbani kutafuta kazi. Wazee wetu walikwenda kukata miwa Lugazi, ambako kiwanda cha sukari kilianza mwaka 1924, na Kakira, ambako kilianza mwaka 1930. Mimi nilikwenda katika kiwanda kimoja cha chai, nikaingizwa karakana, nikajifunza kuchomelea.

Siku moja tuliunga bomba la maji karibu na pampu ya boila. Nilikuwa kazini tangu alfajiri, na sasa usiku umeingia. Niliambiwa boila lazima iwashwe kabla ya asubuhi, kwa kuwa majani yamekwisha kuletwa. Mshono wa mwisho niliupitisha mbio mbio, kwa moto mkali. Ukingoni ukabaki mfereji mwembamba kama uzi. Niliuona. Nikajiambia, "Huu ni urembo tu, ndani pamekaza." Bomba lile lilitikiswa na pampu usiku na mchana, na baada ya wiki kadhaa likapasuka palepale penye mfereji. Kijana aliyekuwa akitia kuni aliungua mkono na kifua. Alipona, lakini mkono wake haukunyooka tena kama zamani. Mimi nilikatwa mshahara. Aliyeniharakisha hakuulizwa neno.

Siandiki haya ili nijisafishe. Kosa la mkono lilikuwa langu, na ndilo nitakaloanza nalo.

Kwanza, mshono mzuri wa mwisho hutayarishwa na mishono iliyo chini yake. Mishono ya kujaza iachwe chini ya uso wa bomba kiasi cha milimita moja hadi moja na nusu, ili kingo zote mbili zionekane na zikuongoze. Ukijaza mpaka juu, umejifutia njia mwenyewe. Ganda lote litolewe kwa nyundo na brashi ya waya, na penye nundu pasagwe kwa grinda. Ganda likifunikwa halipotei. Hubaki humo kama jiwe ndani ya wali.

Pili, moto. Bomba limekwisha kupata joto la mishono iliyotangulia, kwa hiyo chuma hulegea upesi na kuteremka. Acha lipoe lenyewe kidogo, wala usilimwagie maji. Kisha punguza moto wa mashine kidogo. Kijiti cha 7018 cha milimita 3.2 mara nyingi huenda vizuri kati ya ampea 100 na 140. Lakini kila mashine ina tabia yake. Tafuta kipimo chako kwenye kipande kilichokatwa, si kwenye kazi yenyewe.

Tatu, mkono. Kijiti kikae karibu na chuma. Ukipanda kutoka chini ya bomba kwenda juu, tua kidogo kwenye kila ukingo mpaka chuma kijae, kisha pita katikati upesi. Wengi wetu hufanya kinyume: hukawia katikati na kukimbia pembeni. Ndiyo sababu katikati huota nundu na pembeni huchimbika mfereji. Mkono usiyumbe kwa upana unaozidi mara tatu ya unene wa kijiti. Ikiwa nafasi ni pana zaidi, piga mishono miwili au mitatu myembamba, mmoja ukiegemea mwingine.

Nne, mahali pa kubadilisha kijiti. Kabla ya kukizima, rudi nyuma kidogo ujaze kile kishimo cha mwisho. Kabla ya kuwasha kipya, saga pale pawe mteremko. Tena usiunganishe mahali palepale ulipounganishia mshono wa chini.

Wako wanaodhani kwamba mshono mkubwa ndio imara. Si kweli. Kanuni ya Marekani iitwayo API 1104, inayotumiwa sana katika mabomba ya mafuta na gesi, husema mshono wa juu usipande zaidi ya milimita 1.6 juu ya uso wa bomba, wala usiwe chini ya uso huo. Mfereji wa ukingoni unaozidi milimita 0.8 haukubaliwi kabisa, hata ukiwa mfupi. Katika bomba jembamba kiasi kinachoruhusiwa ni kidogo zaidi. Sababu ni ile niliyoiona kwa macho yangu: bomba likitikisika, nguvu zote hukusanyika penye mfereji na ufa huanzia hapo.

Sasa nigeuke upande wa pili. Haya yote fundi atayafanyaje ikiwa vijiti vyake vimekaa katika stoo inayovuja? Vijiti vya 7018 hunyonya unyevu. Vikichomwa hivyo, mshono huweza kutoboka vitundu na chuma kupasuka kimya kimya baadaye. Vikishafunguliwa vinatakiwa vikae katika tanuri yenye joto la nyuzi 120 hivi au zaidi, na tanuri hiyo fundi hawezi kuinunua kwa mshahara wake. Atashikaje moto mmoja ikiwa umeme unapanda na kushuka? Sisi wa West Nile tunalijua jambo hili vizuri. Kwa miaka mingi tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea jenereta na, tangu mwaka 2012, kituo kidogo cha Nyagak cha megawati 3.5. Kinu cha jirani kikianza kusaga, kijiti chako kinaganda kwenye chuma.

Na macho je? Mafundi wangapi Arua na Koboko wanachomelea kwa miwani ya jua? Asiyeona kingo vizuri hawezi kuzijaza. Tena, mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Hapa Uganda iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na chini yake vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri. Si zawadi, wala si mkopo wa kukatwa mwisho wa mwezi.

Vijana wetu wengi wanaulizia kazi za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Nawaambia wazi: katika kazi za mabomba kama hayo fundi hupewa kwanza bomba la majaribio, na mkaguzi huanza kwa macho. Mshono wa juu ukiwa na mfereji, hana haja ya kutazama zaidi. Aliyejifunza kwa kulipua kazi usiku kucha atarudishwa nyumbani, na waliomfundisha kulipua hawatakuwapo kumtetea.

Kwa hiyo naomba matawi yetu yadai mambo manne katika mapatano ya pamoja: stoo kavu na tanuri ya vijiti, barakoa, glavu na hewa safi, vipande vya bomba vya kujifunzia pamoja na saa za kujifunza zinazolipwa, na haki ya fundi kusema, "Mshono huu haujawa tayari," bila kukatwa mshahara. Na sisi mafundi tukubali jambo la tano: tukiona mfereji, tuusage na kuupiga upya, hata kama hakuna mwingine aliyeuona.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu niliuona nikauacha, na aliyeulipia kwa mwili wake ni mwenzangu.

Ni mimi mfanyakazi mwenzenu,
Fundi wa kuchomelea, Lurujo