Mafua yakiingia nyumbani, hesabu pumzi kabla ya kununua dawa

Juni ikifika Iringa, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Baridi inakolea, shule zinafungwa, na watoto wanaosoma bweni wanarudi nyumbani na matranka yao, madaftari yao na mara nyingi kikohozi. Siku chache baadaye mdogo wao naye anaanza kuchemka. Anafuata dada wa kazi, kisha mama. Baba anajigamba kwamba yeye haumwi ovyo, mpaka Jumapili inamkuta amejifunika blanketi mbili.

Leo safu hii ni ya mzazi aliye katikati ya nyumba ya namna hiyo, anayeamka usiku mara nne na asubuhi anatakiwa kazini au sokoni. Swali lake huwa moja: ninunue dawa gani? Ni swali la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: nani humu ndani anapumua kwa shida?

Baridi haileti mafua, inayasaidia kusambaa

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba mtoto akitoka bila sweta atapata mafua. Ukweli ni kwamba mafua makali, ambayo wataalamu huyaita influenza, huletwa na virusi, na bila virusi hata baridi ya Mufindi haiwezi kumpa mtu ugonjwa huo. Kazi ya baridi ni nyingine. Mji wa Iringa upo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti jioni zake zinajulikana. Tunafunga madirisha mapema, tunakaa wote chumba kimoja, na watoto watatu wanalala kitanda kimoja chini ya blanketi moja. Virusi navyo hudumu zaidi katika hewa ya baridi na kavu. Mmoja akikohoa ndani ya chumba hicho, wote wamegawana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu wapatao bilioni moja duniani huugua mafua ya msimu. Kati yao, milioni tatu hadi tano huugua vibaya, na kati ya 290,000 na 650,000 hufariki kwa matatizo ya upumuaji. Maana yake ni mbili. Wengi mno hupona wenyewe, ndiyo sababu ugonjwa huu unadharauliwa. Lakini wapo wachache ambao hauwaachii, na kazi ya mzazi ni kuwatambua mapema.

Ratiba ya ugonjwa ndani ya nyumba

Tuseme ni familia ya watu sita inayoishi vyumba viwili pale Mtwivila. Virusi vikishaingia mwilini, dalili huonekana baada ya siku moja hadi nne, mara nyingi siku mbili. Mgonjwa huanza kuambukiza wengine takribani siku moja kabla hajajijua kuwa anaumwa, kisha huendelea kwa siku tano hadi saba. Watoto wadogo huambukiza kwa muda mrefu zaidi.

Ukipiga hesabu hiyo, aliyeanza kuumwa Jumatatu anaweza kumwangusha wa pili Jumatano, naye akamwangusha wa tatu mwisho wa wiki. Nyumba ya watu sita inaweza kuchukua wiki mbili kabla haijatulia. Mzazi anayelijua hili hamalizi nguvu na pesa zake zote kwa mgonjwa wa kwanza.

Huwezi kumzuia kila mtu asiambukizwe, lakini unaweza kuwakinga walio dhaifu. Angalia nani humo ndani ni mtoto mchanga, nani ni mjamzito, nani ni mzee, nani ana pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu. Mkoani kwetu kuna kundi jingine ambalo hatupaswi kulisahau. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa asilimia 11.1 ya watu wazima mkoani Iringa wanaishi na VVU, kiwango cha pili baada ya Njombe. Anayetumia dawa zake vizuri ana kinga ya kumsaidia. Aliyeziacha, mafua yanaweza kumgeukia kuwa nimonia. Wiki ya mafua si wiki ya kuruka dozi wala tarehe ya kliniki.

Hao ndio wa kuwatenga na wanaokohoa. Kama chumba cha pili kipo, bibi na kichanga walale huko. Kama hakipo, wasilale kitanda kimoja na mgonjwa, au walale miguu kwa kichwa. Mchana fungua madirisha hata kwa saa moja jua likiwa limetoka. Kila mtu awe na kikombe chake, akohoe kwenye kiwiko, anawe kwa maji tiririka na sabuni. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha hata kama yeye ndiye mgonjwa, kwa kuwa maziwa yake yana kinga. Anawe mikono na avae barakoa anapombeba mtoto.

Wageni watakuja kujulia hali, na huo ni utu wetu. Wakati huu, salamu ya kamwene ikitolewa mlangoni bado ni salamu.

Fungua blanketi, tazama kifua

Hapa ndipo baridi yetu inapotudanganya. Mtoto anayeumwa tunamvalisha sweta mbili, tunamfunika kitenge na blanketi, na tunachokiona ni uso tu. Tunagusa paji la uso, tunasema homa imepungua, tunalala. Homa inatisha, lakini kinachoua zaidi ni nimonia, na nimonia huonekana kifuani.

Fanya hivi asubuhi, jioni na kila unapopata wasiwasi. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue kifua na tumbo. Chukua saa ya simu, hesabu anavyopumua kwa dakika moja kamili; tumbo likipanda na kushuka ni moja. Vipimo hivi ndivyo wanavyotumia wahudumu wa afya: mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, ni mara 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni mara 40 au zaidi.

Akifikia hapo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kuche kama pia kifua chake kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, kama anakoroma akiwa ametulia, ana rangi ya bluu midomoni, anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Kichanga wa chini ya miezi miwili akipata homa, hata bila dalili nyingine, aende hospitali.

Kwa mtu mzima, dalili za kukimbilia ni kubanwa na pumzi, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, au kukosa nguvu ya kusimama. Na kwa umri wowote, kuwa macho na homa inayoondoka, mtu akaonekana anapona, kisha ikarudi kali ikiwa na kikohozi. Mara nyingi hapo bakteria wameingia kwenye mapafu yaliyochoshwa na virusi.

Usisahau malaria. Mjini kwetu si nyingi kama Pwani, lakini familia nyingi zina mashamba ya mpunga Pawaga na Idodi, ukanda wa joto ambako mbu wapo. Mtu akiwa ametoka huko na ana homa, usiamue kwa kukisia kwamba ni mafua. Apimwe. Na kikohozi kikitimiza wiki mbili, nacho ni cha kupimwa kifua kikuu.

Dawa gani, basi?

Kwa mgonjwa wa mafua asiye na dalili za hatari, tiba kubwa ni mapumziko, maji ya kutosha, uji, supu, na parasetamoli ya kushusha homa na maumivu. Dozi ya mtoto huenda kwa uzito wake, kwa hiyo mwambie muuza dawa kilo za mtoto, si umri tu. Pima kwa kifaa kilichokuja na chupa, si kijiko cha jikoni. Usizidishe mara nne ndani ya saa 24. Soma pia lebo ya dawa za mchanganyiko za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani. Ukimpa hizo na vidonge, umempa mara mbili. Aspirini isitumike kwa watoto na vijana, kwa sababu ikikutana na mafua inaweza kuleta madhara makubwa kwenye ini na ubongo.

Dawa za kuua bakteria, kama amoksilini, haziui virusi vya mafua. Ukinunua nusu dozi dukani na kumgawia kila anayekohoa, hujamtibu yeyote, na umewafundisha bakteria walio mwilini kuizoea dawa hiyo. Siku mtoto akipata nimonia kweli, amoksilini hiyo hiyo ndiyo anayoihitaji ifanye kazi. Pesa hiyo itunze iwe nauli ya kwenda kituoni. Sera ya Serikali ni kwamba watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure katika vituo vya umma. Ukiwa na swali usiku, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Chai ya tangawizi, mchaichai na limau haina ubaya, inapasha koo na inampa mgonjwa maji. Asali hutuliza kikohozi, ila isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza kwa sufuria ya maji ya moto kusifanywe kwa watoto kabisa. Sufuria hupinduka, na mtoto aliyeingia na mafua anatoka na majeraha ya moto.

Jiko la mkaa lisilale ndani

Mzazi mwenye wagonjwa watatu na baridi ya usiku wa Julai hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Ubaya ni kwamba gesi hiyo inaiga mafua. Kichwa kinauma, mtu ana kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Tofauti zake ni hizi. Mafua huja na homa na humpata mmoja baada ya mwingine. Gesi huwapata wote waliolala chumba kimoja kwa wakati mmoja, bila homa wala kamasi, na wakitoka nje wanaanza kupata nafuu. Mkiamka hivyo, tokeni wote, fungueni milango na madirisha, nendeni hospitali. Moshi wa jikoni nao humwongezea mtoto hatari ya nimonia, kwa hiyo asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Joto litafutwe kwenye blanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

Mzazi naye ni mgonjwa

Katika nyumba nyingi mama huumwa akiwa amesimama. Anapika na homa, anafua na homa, na analala wa mwisho. Mwili wa namna hiyo huchelewa kupona. Tena mtu aliyechoka ndiye anayekosea dozi usiku, na ndiye anayepitiwa na usingizi mtoto akianza kubanwa na pumzi.

Kwa hiyo gawaneni zamu mapema, kabla wote hamjaanguka. Baba anaweza kuhesabu pumzi kama mama. Hakuna shahada inayohitajika. Mmoja alinde mpaka saa nane usiku, mwingine apokee. Andikeni kwenye karatasi ukutani: jina la mgonjwa, saa aliyopewa dawa, idadi ya pumzi. Karatasi hiyo itamsaidia pia daktari mkifika kwake. Anayelea peke yake amwambie jirani au ndugu mmoja mapema, na aombe kitu kimoja kinachoeleweka: ndoo ya maji, chungu cha maharage, au simu ya saa mbili usiku ya kuuliza mmeshindaje.

Usimrudishe mtoto kwenye michezo na wenzake mpaka homa iwe imeisha kwa saa 24 bila kusaidiwa na dawa. Na kwenye kliniki ya watoto, hakikisha kadi yake ina chanjo ya nimonia, inayotolewa nchini tangu miaka zaidi ya 10 iliyopita, wiki ya sita, ya 10 na ya 14. Haizuii virusi vya mafua, lakini huzuia bakteria wengi wanaofuata nyuma yake.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, funua blanketi la mdogo kuliko wote na uhesabu dakika moja.